Nilirekodi kilio cha jirani yangu nikidhani ni sherehe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga. Nafundisha Kiingereza katika mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, na huu ni mwaka wangu wa pili. Chumba nilichopanga kinapakana na familia moja kubwa: bibi mwenye nyumba, binti zake wawili, wakwe na wajukuu. Nilipofika sikujua Kihispania zaidi ya salamu, na bibi huyo ndiye aliyenipokea. Asubuhi alikuwa akinipitishia kikombe cha atole juu ya ukuta, ule uji wao wa mahindi. Alinifundisha kununua nyanya bila kupunjwa. Alikuwa akiniita mija, yaani mwanangu.

Mwaka jana mwishoni mwa Oktoba, zilipoanza Siku za Wafu, walinichukua kwenda makaburini, kwenye kijiji chao cha asili nje ya mji. Tulikwenda usiku. Shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Makaburi yamefunikwa maua ya manjano, mishumaa haihesabiki, bendi inapuliza matarumbeta, watoto wamejipaka nyuso kama mafuvu, watu wanakula na kucheka. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Nilimrekodi hata bibi akiwa amepiga magoti kwenye kaburi la mwanawe aliyefariki miaka miwili kabla, analia na kuzungumza naye. Usiku uleule nikaiweka video mtandaoni na maneno haya: "Huku watu wanafanya pati na maiti."

Nyumbani ilisambaa sana. Chini yake watu waliandika kwamba hawa ni wachawi, wanaabudu mifupa, nirudi haraka nisije nikaliwa. Sikuwajibu. Mjukuu mmoja wa bibi alikuwa akinifuata mtandaoni. Alitafsiri yale maoni kwa simu akamsomea bibi yake.

Hakuna aliyenitukana. Ila atole haipiti tena juu ya ukuta, na bibi akiniona hunisalimia kama anavyomsalimia mtu wa posta.

Tangu hapo najifungia ndani. Bendi zikipita mtaani nafunga dirisha. Nikitoka, sokoni wananiita "negrita" na "morena", yaani mweusi, watoto wanataka kunishika nywele, watu nisiowajua wanaomba kupiga picha na mimi. Mimi ni Mwislamu, na kila shughuli kuna mtu ananiletea kikombe cha mezcal, pombe kali ya huku; nikikataa naona kama nawaudhi.

Zimebaki wiki tatu siku zile zirudi. Niende kwa bibi au nimwache? Na mgeni kama mimi ana nafasi gani katika mambo yao?

Mgeni wa Oaxaca

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na video, maana hayo mengine yote yameota hapo.

Fikiria msiba kwenu Tanga, siku ya hitima. Uani kuna masufuria ya pilau. Wanawake wamekaa mkekani wanakumbushana vituko vya marehemu hadi wanacheka, watoto wanakimbizana, wanaume wako nje kwenye mabenchi. Ndani, mama yako amelia hadi sauti imekauka. Sasa aingie mgeni uliyemkaribisha wewe mwenyewe, aone pilau na vicheko, amrekodi mama yako, kisha awaandikie watu wa kwao kwamba Waswahili wanafanya pati na maiti. Ndivyo ulivyofanya. Nimesoma barua yako nikaona umetaja maua, bendi, mishumaa na chakula. Msiba hukuutaja, na ulikuwa mbele yako umepiga magoti.

Wengi hufika huko kosa hilo likiwa limekwisha kukaa kichwani. Picha zinazozunguka duniani ni za maandamano ya jiji la Mexico, yenye mafuvu makubwa na magari yaliyopambwa. Maandamano yale yalianza 2016, mwaka mmoja baada ya filamu moja ya kijasusi kuonyesha maandamano ya namna hiyo ambayo jiji halikuwa nayo. Watu waliyapenda, yakaandaliwa kweli, na leo ni siku ya furaha ya mji mzima. Nenda ukayarekodi utakavyo. Kule ulikopelekwa na bibi ni kwingine.

Nilikaa Oaxaca miaka saba, nikifuatana na marehemu mume wangu aliyekuwa na kazi huko, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho. Familia za mabonde yale huamini kwamba marehemu wao hurudi nyumbani kwa muda mfupi kila mwaka. Watoto waliofariki hutangulia, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Watu wazima huwafuata, na tarehe 2 huagwa. Ndani ya nyumba hutengwa meza yao, ofrenda. Juu yake huwekwa picha ya marehemu, mikate ya mayai yenye sura ndogo ya mtu iliyobandikwa juu, chokoleti, mole nyeusi (mchuzi mzito wa pilipili), matunda, na glasi ya maji kwa sababu anayekuja ametoka safari ndefu. Kama alipenda sigara, itakuwepo sigara. Yale maua ya rangi ya binzari yanaitwa cempasúchil, jina la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, linalomaanisha ua la ishirini, kwa wingi wa petali zake. Hutandazwa hadi mlangoni ili rangi na harufu vimwongoze mgeni wa nyumba.

Na moshi wa makaburini, ambao hukuutaja, ni copal, utomvu wa mti unaochomwa kwenye chetezo cha udongo. Hapo natamani ungesimama kidogo, kwa sababu harufu ile ina habari na pwani yetu. Neno copal ni la Kinahuatl, la hukohuko Meksiko. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walilibeba wakalipachika kwenye sandarusi yetu, ile iliyochimbwa ardhini pwani ya Tanganyika na kusafirishwa kupitia Unguja katika karne ya 19 kwenda kutengenezwa vanishi. Miti ni tofauti, jina likawa moja. Mtoto wa Tanga anayejua ubani na udi hakuwa na sababu ya kuogopa moshi ule.

Sasa mtazame tena bibi. Amemzika mwanawe miaka miwili tu iliyopita. Amempikia alichokipenda, amesafisha kaburi, amekaa hapo gizani akimweleza habari za nyumbani, na pembeni amemkalisha jirani mgeni kwa sababu anamhesabu kama mtoto wake. Nadhani kilichomuumiza zaidi ya picha ni yale maoni. Watu wa kwenu walimcheka, na wewe unayejua lugha zote mbili ulinyamaza.

Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza kusoma, futa ile video. Kisha waandikie waliokutazama kwa Kiswahili, maneno matupu bila sura ya mtu, uwaeleze kwamba ulichowaonyesha ulikuwa msiba wa jirani yako na hukuuelewa. Usiwaambie ni nani wala kijiji gani. Wachache watasoma. Andika hata hivyo, kwa sababu yule mjukuu atasoma, na safari hii naye atatafsiri.

Kuhusu kwenda kwake: nenda, wala usingoje siku zenyewe zifike. Siku zile nyumba imejaa wageni na ana mizigo ya kutosha moyoni. Nenda wiki hii, alasiri, simu uiache chumbani. Ukifika mlangoni sema "con permiso", ndiyo hodi yao, usubiri uitikiwe. Beba mkate wa mayai na chokoleti ya kusaga, ile ya vibonge inayouzwa sokoni. Usipeleke pesa kwenye bahasha, utaonekana umekuja kulipa faini. Maneno yako yawe mafupi: "Vengo a pedirle perdón", nimekuja kukuomba msamaha. Mwambie umeifuta. Usimweleze kwamba hukujua, kwamba wengine hufanya vilevile, kwamba ulikuwa na nia njema. Hayo yanamlazimisha akutulize wewe, na aliyeumia ni yeye. Akiwa na la kusema, msikilize hadi mwisho. Akinyamaza, acha mkate mezani, aga, uondoke. Inawezekana asikusamehe siku hiyo. Mama aliyefiwa na mwana hapangiwi tarehe.

Lakini kama atakukaribisha kukaa, muulize swali moja: "¿En qué le ayudo?", nikusaidie nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote niliyoandika.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazapoteki, wenyeji wa asili wa mabonde ya Oaxaca, wana neno lao, guelaguetza. Watalii wanalijua kama tamasha la Julai, Jumatatu mbili zinazofuata tarehe 16, pale kwenye ukumbi wa wazi wa Cerro del Fortín, vikundi kutoka kanda za Oaxaca vikicheza na mwishoni kuwarushia watazamaji mananasi, mikate na kofia. Kile wanachokirusha pia huitwa guelaguetza, kwa maana neno lenyewe ni kutoa na kurudishiwa. Familia ikiwa na harusi, msiba au shughuli ya mtakatifu wa kijiji, majirani huja na bata mzinga, mahindi, kakao, mayai. Nyumba nyingi zina daftari, na ndani yake imeandikwa fulani kaleta bata mzinga wa uzito gani, mwaka gani. Zamu ya fulani ikifika, anarudishiwa.

Nilipolifahamu daftari hilo nilikaa chini nikalia kwa kukumbuka nyumbani. Ni daftari la michango lilelile. Ni mwanakamati wa harusi anayejua nani ametoa na nani ameahidi. Ni kilo mbili za sukari unazopeleka msibani, na jina lako linaandikwa kwenye daftari la shule. Mwanangu, wewe unaujua utamaduni huu tangu tumboni. Kilichotokea ni kwamba umekula kwa bibi mwaka mzima, atole yake, usiku wake wa makaburini, na kwenye daftari lake upande wako uko mtupu.

Sherehe zote za Meksiko zina mwenye shughuli, hata ile inayopita barabarani na bendi. Ya mtakatifu ina mayordomo, mtu au wanandoa waliojitolea kubeba gharama za mwaka huo, wakati mwingine baada ya kudunduliza miaka mingi. Calenda, ule msafara wenye bendi, wanasesere warefu kama nyumba na puto kubwa la kitambaa linalozungushwa juu ya mlingoti, mara nyingi utakuwa wa harusi, na bibi na bwana harusi wako palepale katikati. Ukishamjua mwenye shughuli, mengine yanajipanga. Msafara wa harusi mbele ya kanisa la Santo Domingo ni wa kila apitaye: cheza, piga picha, wapongeze. Kaburi na ofrenda ya ndani unaalikwa, na simu unaomba. Kuna mahali hata kuomba hakusaidii. Katika kanisa la San Juan Chamula, huko jimbo la Chiapas, kupiga picha ndani ni marufuku kabisa, na wenyeji hawana mzaha na hilo.

Nikurudishe kwenye jembe. Mwaka wangu wa kwanza alifariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wenzetu wale husali siku tisa baada ya maziko, na siku ya tisa huinua msalaba uliochorwa sakafuni kwa mchanga na chokaa ya rangi. Jioni ya kwanza nilisimama mlangoni na mshumaa wangu, sijui niuweke wapi wala nisimame na nani. Mama mmoja wa makamo alitoka jikoni, akanitazama, akanipa kisu na beseni la vitunguu. Hakusema neno. Nilikata vitunguu hadi saa nne usiku nikiwa kati ya wanawake ambao sikujua majina yao. Kesho yake nilipopita sokoni wawili kati yao waliniita kwa jina langu. Kisu kile kilinipa mtaa mzima.

Kwa hiyo omba kisu. Mole nyeusi ina pilipili za kukaanga na kusaga za aina nyingi na ni kazi ya mikono mingi. Kuna majani ya mgomba ya kupitisha motoni kwa ajili ya tamales, unga wa mahindi unaofungwa majanini na kupikwa, kama tunavyoyapitisha motoni ili yalainike. Kuna mafungu ya cempasúchil ya kubeba kutoka soko la Central de Abasto, mazito kwa mama mwenye umri. Na tarehe 1 Novemba, kama umealikwa, usiende mikono mitupu: mshumaa, mkate, chokoleti, maua. Katika nyumba nyingi za huko mgeni huvipeleka kwanza mbele ya ofrenda, ndipo akawasalimia walio hai. Tazama wengine wanavyofanya, ufuate.

Umetaja dini yako. Mimi si mwanachuoni na sitakutolea fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, hata kwa simu, umweleze kinachofanyika hatua kwa hatua. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakuna atakayekulazimisha kusali sala zao, na haki ya jirani unaijua uzito wake kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Kubeba maua, kukata vitunguu na kukaa kimya karibu na mama anayelia ni mambo uliyokwisha kuyafanya Tanga mara nyingi. Ukiona hatua fulani huiwezi, mwambie bibi mapema na kwa upole. Asiyejua atadhani umemsusa.

Mezcal usiihangaikie. Kwa Wameksiko mtu asiyekunywa si kioja: wako wanaokula kiapo mbele ya Bikira Maria wa Guadalupe kuacha pombe kwa miezi au mwaka, na aliyeapa haulizwi mara mbili, wako Waprotestanti wasioigusa kabisa. Weka mkono kifuani, sema "no tomo, gracias", upokee maji ya jamaica, ambayo ni choya yetu ileile, au ya ukwaju. Kinachohitaji macho zaidi ni mafuta ya nguruwe. Yamo kwenye tamales nyingi, kwenye maharage, na ile tlayuda ya mtaani, chapati kubwa ya mahindi, hupakwa asiento, ambayo ni masalia ya kukaanga nguruwe. Sema mapema kwamba huli nguruwe wala manteca, yaani mafuta yake. Kama bibi alijua na akakupikia mbali, basi nalo hilo liingie kwenye daftari.

Sasa mtaani. "Güera", mweupe, ndivyo wauzaji wanavyomwita mteja yeyote hata awe na rangi gani. "Negra", "flaca" (mwembamba), "gordita" (kibonge) hutumika ndani ya familia kwa mapenzi. Ndiyo maana wengi wakikuita negrita hawaoni ubaya. Wewe una haki ya kuuona. Mtu usiyemjua akikuita hivyo, mwambie jina lako, kila mara, bila kugomba. Chagua muuza matunda mmoja na muuza mahindi mmoja, ununue kwao tu hadi wakuite marchanta, mteja wangu. Mahindi ya kuchoma kwa ndimu na pilipili, embe lenye pilipili ya unga: mezani hapo huna ugeni wowote. Mtoto akitaka kushika nywele, mama yake anaweza kuambiwa hapana. Wanaotaka picha, vilevile, unaweza kuwakatalia. Unavyojisikia simu ya mtu ikikuelekea bila kuulizwa, ndivyo alivyojisikia bibi, tena akiwa kwenye kaburi la mwanawe.

Lipo jambo moja zaidi, na najua hukuambiwa na yeyote, kwa sababu hata mimi ilinichukua miaka mitatu kulijua. Meksiko ina watu weusi wake. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa wa asili ya Afrika, na katiba iliwatambua mwaka 2019 tu. Rais aliyefuta utumwa nchini humo mwaka 1829, Vicente Guerrero, alikuwa na damu hiyo, na jimbo la Guerrero limepewa jina lake. Wanaojulikana zaidi wako Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca. Wamezaliwa hapo, na mababu zao wamezikwa hapo kwa karne kadhaa, lakini wakisafiri miji mingine bado huulizwa wametoka nchi gani. Anayekuuliza wewe mtaani hajafundishwa kwamba ana ndugu wanaofanana nawe.

Mji wa Cuajinicuilapa una makumbusho ya historia yao. Na siku za wafu, tarehe zilezile za bibi yako, wao hucheza Ngoma ya Mashetani: vinyago vya pembe na ndevu za singa za farasi, taya kavu la punda linalokwaruzwa kwa kijiti, kinanda cha mdomo, na ngoma ya kibuyu ambayo haipigwi, husuguliwa kijiti katikati ya ngozi hadi ingurume. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijikuta nimesimama bila kujua nimesimama.

Utaiona mwaka ujao. Mwaka huu tarehe hizo ni za bibi, hata kama utazipitisha upande wako wa ukuta ukisubiri. Mkate wa mayai ununue asubuhi, ukiwa bado na moto.

Shangazi